Shangazi Halali Tambarare

Jumatano, 4 Juni

Tumeondoka! Siamini! Naandikia kwenye kimeza cha kukunja, chai inanimwagikia mapajani na wala sijali. Gari lenyewe limemzidi binti yetu umri — kitanda nyuma, jiko la gesi, mapazia nimeshona mwenyewe. Tunaliita Shangazi: kila kilima linanung'unika, lakini linafika. Siku nne hadi kwa binti. Kajifungua! Mimi, bibi!

Mume wangu ametengeneza magari ya watu miaka thelathini. Stata ya kuwashia gari lake imekufa, hajaigusa. Ya nini, anasema, tutaegesha kwenye mteremko, asubuhi naachia breki, linawaka lenyewe. Huyo ndiye fundi wangu.

Alhamisi, 5 Juni

Mbavu sina! Jana tulipata kambi nzuri, maji ya moto, vivuli — tambarare. Tukaipita. Tukalala kilimani, miguu juu vichwa chini, na sufuria ikatuhama usiku kucha. Asubuhi akaachia breki. Shangazi akateremka, gia ya pili, klachi — akawaka! Nikapiga makofi kama mtoto.

Ijumaa, 6 Juni

Mvua. Kwenye kituo cha mafuta kazima injini kwa mazoea. Tambarare! Madereva sita wametusukuma, mmoja kapoteza kandambili kwenye tope. Fundi mzima kajiinamia kwa aibu. Mimi nacheka hadi machozi.

Baadaye, macho barabarani, akaniuliza mtoto kafanana na nani. Sijui, baba. Miaka sita hawasemeshani, yeye na binti, tangu alipogoma kwenda harusini eti hamtaki mkwe. Binti kanialika mimi tu. Sijamwambia nani anaendesha.

Mume wangu anajua sijasema. Leo kanyoa ndevu mara mbili.

Jumamosi, 7 Juni

Tumefika! Moyo utanitoka! Geti la kijani, nepi zimejaa kwenye kamba — nepi za mjukuu wangu! Lakini mtaa wao wote tambarare kama meza.

Kaegesha, injini inanguruma. Shuka wewe, ananiambia. Mimi nakaa hapa hapa. Binti akinifukuza niondoke zangu, nisije nikaanza kuomba watu wanisukume mbele ya mkwe.

Nimegoma. Tunashuka wote au hashuki mtu. Naandika hapa hapa kitini.

Mlango wa nyumba unafunguliwa! Binti yangu — kanenepa, mashallah! — kitoto begani. Kamwona baba yake. Kasimama. Hatabasamu, hakunji uso. Wanatazamana tu kupitia kioo. Mtoto kafungua kinywa, nadhani analia, kwa kelele za Shangazi hatusikii kitu.

Mume wangu kashika ufunguo. Ananitazama mimi.

Kazima.

Mtoto analia kweli! Kasauti hako, jamani! Na binti anashuka ngazi —