Mkaguzi Hatulii

Tarehe 3 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, ingawa siku hizi barua zetu zinapita kwenye simu. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia meno ya watu kutwa. Wiki hii pale maabara tumemtengenezea mzee mmoja meno bandia, akasisitiza yawe na mwanya kama aliokuwa nao ujanani. Tumempa mwanya wake, ameondoka anajichekea kwenye kila kioo.

Nakuandikia kwa sababu ya Mkaguzi. Tangu nihamie huku, kwa mwenye nyumba asiyetaka hata kusikia habari za mbwa, umenitumia picha nyingi na mbwa wangu sijamwona hata mara moja. Naona ukungu wa kahawia. Kwenye picha moja kuna kitu ambacho huenda ni sikio. Najua hatulii, nimemlea mwenyewe, lakini hiyo simu yako nayo imechoka. Nataka nikununulie kamera. Niambie anafanya nini hasa ukitaka kumpiga picha, nijue ya kutafuta.

Ni mimi,
Binti yako

*

Tarehe 9 Februari

Binti yangu mpendwa,

Marahaba. Mimi sijambo, kifua kimepona, na watu bado wanaota nywele, kwa hiyo nakula. Mgongo ukiuma simama kidogo, meno hayatakimbia.

Siku hizi siandiki kwa vidole. Naongea tu na simu inaandika yenyewe. Nimekuwa bosi mwenye karani, kwa hiyo ukiona makosa mlaumu karani.

Mbwa wako ana shughuli nyingi. Nikifungua banda la kunyolea asubuhi anakagua viatu vya kila anayeingia, na asiyemridhisha anamzunguka mara mbili. Nikiwasha feni anazifukuza nywele sakafuni. Nikitoa simu anakuja mbio kuilamba. Nikimwambia kaa, anakaa kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Kwa hiyo kosa si langu, ni la aliyemlea bila adabu. Kama kuna kamera inayoweza kumkimbiza mbwa, nunua. Kama hakuna usijisumbue, nitakueleza tu anavyofanana: ana miguu minne na mkia.

Baba yako

*

Tarehe 24 Februari

Shikamoo Baba,

Habari za huko? Mgongo umepata nafuu, nilisimama kama ulivyosema.

Kamera nimeinunua, inakuja kwa mzigo. Kuchagua kwenyewe kumenitoa jasho. Muuzaji ni dada mmoja anayefuga paka wawili watundu, kwa hiyo alinielewa upesi. Alinieleza kwamba kwa mnyama asiyetulia, jambo la kwanza ni fokasi, yaani kamera iweze kumtafuta yenyewe na kumshika kabla hajapotea. Tulichambua mpaka zikabaki mbili mezani. Ya kwanza inalitambua jicho la mnyama. Inaliwekea kiboksi kidogo cha kijani na kulifuata popote linapoelekea, na ukibonyeza tu inapiga picha nyingi mfululizo. Ya pili ni nzito kidogo kwenye kazi hiyo, lakini ndani yake kuna kitu kinachotuliza mtikisiko wa mkono.

Dada akaniuliza atakayeishika ni nani. Nikamwambia ni kinyozi, amepitisha wembe kwenye shingo za watu tangu mimi sijazaliwa. Tukacheka, nikachukua ya kwanza.

Nimekwisha kuiweka upande wa wanyama, usiguse kingine. Piga magoti uwe sawa na yeye, karibu na mlango penye mwanga. Bonyeza kitufe nusu, ukiona kijani malizia.

Binti yako

*

Tarehe 15 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Huku ni salama. Mvua zimeanza, biashara imepoa kidogo, na wateja kadhaa wamehamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Wanasema wanaipenda redio yake. Sijawazuia. Saa nyingine nafunga mapema, napumzika.

Kamera imefika, ahsante sana, Mungu akuongezee. Mkaguzi aliikagua kabla yangu. Hicho kiboksi chako kweli ni hodari, kinamganda jichoni kama kupe. Lakini picha zenyewe ni zile zile. Nakutumia zote uone. Nimepiga magoti mpaka magoti yakaniuliza tumefuata nini huku chini. Mimi naona umeuziwa mbovu. Irudishe uchukue hela zako, na huyo dada mwambie paka wake wamemdanganya.

Baba yako

*

Tarehe 22 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima, na safari hii nauliza kwa maana yake.

Picha zako nimezifungua kwenye kioo kikubwa cha maabara, kile tunachokuzia meno. Kwanza nilimwangalia mbwa. Halafu nikaangalia ukuta. Ubao wa bei umejirudia mara mbili, kioo nacho hivyo hivyo, fremu ya mlango nayo, na vyote vimevutwa upande mmoja. Mkaguzi anakimbia, sawa, lakini ukuta haukimbii. Nilimpelekea yule dada nikitegemea atanipinga. Alizitazama zote, akasema polepole kwamba mnyama akikimbia hupotea kwenye ukungu mnyama peke yake, na vikipotea vyote basi ni mkono.

Baba, mikono yako ina nini? Imeanza lini? Je, bado unashika wembe? Usinijibu kwa mzaha. Nakuuliza kwa sababu naogopa. Naogopa siku utakayomkata mtu shingoni, na nakuogopea wewe zaidi ya huyo mtu.

Binti yako

*

Tarehe 10 Aprili

Shikamoo Baba,

Barua yangu ya mwezi uliopita hujaijibu. Nikipiga simu unapokea, unasema banda limejaa watu, unakata. Nasikia mvua kwenye bati, Baba, watu siwasikii.

Likizo nimepewa, naweza kuanza wakati wowote. Lakini sitakuja kukuvamia kwako na kukushika mikono kama mtoto mbele ya majirani. Najua ungenichukia kwa hilo, na ungekuwa na haki. Nitakuja ukiniita. Niite.

Binti yako

*

Tarehe 6 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yako.

Ilianza mwaka jana na mkono wa kulia. Kikombe kilikuwa kinagonga kisahani, nikaacha kutumia visahani. Halafu ukafuata wa kushoto. Kabla mvua hazijaanza nilimkata mwalimu mstaafu kwenye sikio, yule anayekuja kila Ijumaa. Kidogo tu. Alisema si kitu, akabonyeza pamba mwenyewe, akaniaga vizuri, na hajarudi. Siku hiyo niliuweka wembe kabatini, nikabaki na mashine. Sasa na mashine nimeiacha. Nafungua mlango asubuhi kwa sababu nimezoea kuufungua. Hakuna redio iliyomchukua mteja wangu. Niliwaambia mimi mwenyewe waende kule.

Na mbwa nimemsingizia. Hakuna viatu vya kukagua tena, anashinda amelala chini ya kiti cha wateja. Zile picha za mwezi wa tatu, nyingi nilimpiga akiwa usingizini.

Jana niliiweka kamera juu ya rafu ya taulo. Jirani alinionyesha jinsi ya kuifanya isubiri kidogo kisha ijipige yenyewe. Nikaenda kukaa kwenye kiti, Mkaguzi akajilaza miguuni pangu akiwa macho. Nimekutumia hiyo picha. Mbwa wako ndiye huyo, unaweza kuhesabu ndevu zake. Ubao wa bei unasomeka mpaka chini. Mimi nami nipo, nimekonda, lakini uso wangu unaonekana vizuri. Mikono nilikuwa nimeiweka juu ya magoti na kuiambia itulie kwa muda mdogo huo. Ndiyo peke yake iliyopotea. Nimeitazama sana picha hiyo.

Kwa daktari nimefika mpaka mlangoni, mara mbili. Nilirudi zote mbili. Ninaogopa, mwanangu. Njoo twende wote.

Baba yako