Wembe wa Kaka Yako

Wifi yangu,

Hatujambo, tunasukuma siku. Viatu vya mtoto vimefika na vimemkaa sawasawa. Mlango wa jikoni umeanza kukwama, na kaka yako, fundi seremala mzima, anautazama tu, mikono imelala mapajani vilevile tangu alipoanguka kutoka paani.

Ile posho ya ulemavu wamemnyima. Wameandika kwamba alifika ofisini nadhifu, amenyoa ndevu, amefunga vifungo vyote vya shati, basi mikono yake ni mizima. Wifi, nilimnyoa mimi! Vifungo nilimfunga mimi, maana sikutaka waseme mume wangu katupwa. Tena alipoulizwa kama anavaa mwenyewe, akajibu, "Ndiyo." Nilikuwa nimeketi pembeni yake, nikanyamaza. Ningemwaibishaje mbele ya watu?

Sasa tunaandaa rufaa. Mwanasheria anataka kila kitu kiandikwe: nani anamlisha, nani anampeleka chooni. Niliandika, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Haya, shika kidole changu ukigandamize hapo. Ila huyo mtu uliyemwandika, wanangu wasimsome."

Jumatatu ndiyo tunasikilizwa. Mwanasheria amesisitiza twende kama tunavyoamka. Leo asubuhi kaka yako kaniuliza, kwa sauti ya chini, "Mama watoto, wembe upo?"

Nimemwambia umekwisha. Upo, wifi. Nimeuficha kwenye kopo la chumvi, na tangu asubuhi siwezi kumtazama usoni.

Ni mimi,
wifi yako