Obokano kutoka Uholanzi

Bitutu, shika simu. Nimeaibika leo mbele ya shule nzima.

Unakumbuka ile obokano, kinubi chetu cha nyuzi nane, niliagiza Uholanzi, ya kwaya ya shule? Ile niliapia kamati ya wazazi kwamba huku Kisii mafundi wake walikufa wote? Imefika. Usafiri ulikuwa ghali kuliko chombo chenyewe, na ushuru ukapita usafiri.

Sasa tukaita mzee Anyona wa kanisani, yule wa Nyacheki, aje atuombee kabla tufungue. Akaomba vizuri sana. Akamshukuru Mungu kwa ajili ya Wazungu.

Tukafungua.

Mzee akaigeuza chini juu. Akapapasa ngozi, akaweka kidole kwa kiraka kidogo pembeni. Akasema, "Hii ni yangu."

Nikamwambia hapana mzee, hii imetoka Uholanzi.

"Hii ni yangu, mwalimu. Hapa panya alitoboa, nikaziba. Niliuzia mgeni mmoja akirudi kwao. Elfu tatu."

Elfu tatu, Bitutu. Na mwalimu mkuu ameshika karatasi ya ushuru. Anaisoma, anaangalia mzee, anaisoma tena.

Mzee hata hakucheka. Aliniuliza tu, kwa upole, mbona sikuuliza mtu. Bado anatengeneza. Ako na zingine tatu pale jikoni kwake.

Sijui nitawaambia aje kwamba niliagiza mbili. Ya pili iko Mombasa, inangoja ushuru.