Rimu Uliyomchomelea Mzee Sadiki

Tata wangu mpendwa,

Ugonile. Ulinifundisha kwamba mtu asiyesalimia amekuja na shari. Mimi leo nimekuja na shari yangu, kwa hiyo nasalimia kwanza ili usiniambie sina adabu.

Mkweo Ambakisye amenunua rimu nne za spoti kwa mtoto mkubwa wa Mzee Sadiki, yule rafiki yako muuza vitenge wa hapa Bondeni. Lile gari lao jeupe limekufa, wanaliuza vipande vipande. Ambakisye aliziingiza uani akawa anazipangusa kama sahani za harusi. Alitaka azifunge kwenye gari letu kabla ya Jumamosi, siku ya kumpandisha mama Mbeya kliniki. Nikamuuliza zina kasoro gani. Akasema hazina, ila moja iliwahi kupata ufa, "lakini ilichomelewa na baba yako mwenyewe." Muuzaji ndivyo alivyomwambia, na yeye alifurahi kweli.

Unanijua. Mtu akisifia sana anachouza, mimi huanza kukigeuza chini juu. Ambakisye ananiita afisa forodha, anasema kule mpakani Kasumulu wamepoteza mfanyakazi. Lakini ni wewe uliyenifanya hivi. Ulikuwa unanikalisha kwenye kigoda karakanani, unanipa rimu niipapase kwa kidole huku nimefumba macho. Nikikosea unacheka, unanirudishia. Na ulikuwa na sheria yako. Mdomo wa rimu, pale pembeni tairi linapokalia, ulichomelea kama ufa ni mdogo. Ile mikono inayotoka katikati hukuigusa. Ulisema alumini ikishaonja moto mkali inalainika kandokando ya kovu, na ufa mwingine unazaliwa palepale jirani. Watu walikubembeleza, kuna mmoja alikuja hadi na jogoo. "Kaitupe," ulimwambia, na jogoo wake akarudi naye.

Sasa hebu niambie. Nilipoikwangua ile rimu kwa msasa, chini ya rangi ya fedha nilikuta rangi nyingine, na chini yake nikakuta kovu kwenye shina la mkono. Nilitamani liwe la fundi mwingine. Lakini fundi wa mashoto tulikuwa naye mmoja tu huku, wewe, na mshono ule umelalia upande wako. Hata kuufunika kwa rangi mara mbili kulinitia shaka, maana wewe kazi yako hukuificha, uliiacha wazi watu waione.

Nikafanya ulivyonifundisha. Nilipaka mafuta ya taa, nikasubiri, nikafuta pakakauka. Chaki sikuwa nayo, nikanyunyiza unga wa mchele. Nikaenda kugeuza ndizi jikoni. Niliporudi, mafuta yalikuwa yametoka tena yakalowesha unga, mstari mwembamba wa ufa kandokando ya kovu, urefu wa kidole changu cha kati.

Nilikaa chini, Tata. Na hapo ndipo nilipokumbuka siku tuliyotoka ziwani Itungi na samaki wetu wa mbasa, nikiwa darasa la tatu. Mzee Sadiki alisimamisha gari lile jeupe atupe lifti. Wanawe wamejazana nyuma wananiita. Mguu mmoja nilishauweka ndani, ukanishika mkono ukanishusha. "Sisi tutatembea, tuna maongezi yetu," ulisema. Tukatembea juani mpaka samaki wakaanza kunuka, na maongezi yenyewe sikuyasikia. Miaka yote hii nimeisimulia safari ile kwa majivuno, kwamba baba yangu alipenda kutembea na mimi. Nilishaisimulia hata kwenye msiba wako.

Nikamwendea mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Mama, Tata aliichomelea kweli rimu ya Mzee Sadiki?"

"Sadiki alimsumbua mwezi mzima," alisema. "Rafiki yake, angefanyaje. Alimwambia aendeshe polepole."

"Na wewe uliwahi kupanda gari lile?"

"Alinikataza. Hakuniambia sababu, na mimi sikuuliza."

Basi ulijua. Mimi ulinishusha, mama ukamkataza, na wale watoto watano wa rafiki yako ukawaacha waende. Nakumbuka uliwapungia mkono. Hawakupata jambo, namshukuru Mungu, lakini wewe hukujua kwamba hawatapata. Wiki nzima nakutafutia udhuru. Labda uliona aibu kumnyima. Labda uliamini mkono wako kidogo, ila si kwa mtoto wako. Nakupenda, na nimekukasirikia kweli, na wewe haupo nikugombeze.

Ambakisye alipouona ule mstari aliufuata kwa kidole mpaka mwisho. Kisha akasema sawa, tufunge zile rimu zetu za chuma, mama apande salama. Hii moja ataipaka rangi aipeleke Kasumulu, kuna dereva wa ng'ambo anatafuta inayofanana nayo.

"Atavuka mto Songwe na rimu yake," alisema. "Hatutamwona tena."

Alisema kwa upole, Tata. Si mtu mbaya, unamjua. Ana mke na mkwe wake, amekwisha kuwaweka salama, basi anaona kazi imeisha. Nilimtazama nikajua siku ile barabarani ulikuwa na sura ya namna hiyohiyo.

Nikaingia ndani nikatoa nyundo yako kubwa. Ambakisye aliniambia niache ujinga, mama akamwambia aniache. Niliinua nyundo nikijiambia huenda nimekushuku bure, huenda kazi yako itahimili nyundo mpaka nichoke, na nilitaka hivyo, Mungu ananiona.

Mkono wa rimu ulikatika kwa pigo la pili.

Pumzika, Tata. Maua nitakuletea, ila si wiki hii.

Binti yako wa pekee