Yatima wa Magurudumu Manne

Kaka Shomari, tingo wangu,

Shikamoo. Nimeiandika hiyo shikamoo nikasimamisha kalamu, maana nimezoea uniitikie "marahaba, dereva" hata sijamaliza kuitamka. Safari hii sijui kama jina hilo bado ni langu. Nina aibu, kaka. Tangu siku tuliyokuzika naamka nayo, nakwenda nayo kazini, narudi nayo nyumbani Kibaha. Ndiyo maana nakuandikia hivi wazi, na anayetaka kusoma asome, kwa sababu aibu yenyewe niliipata mbele ya watu.

Unakumbuka tulivyompata Digidigi? Mama alikuwa mpishi wa mwalimu mmoja mgeni pale Tumbi, na siku yule mwalimu anafungasha kurudi kwao alimpa mama masufuria, mapazia na boksi moja. Ndani ya boksi kulikuwa na gari la rimoti. Bodi nyekundu, matairi ya nyuma mapana yenye vipele, springi zinazochezacheza, na dereva wa plastiki mwenye kofia ngumu, aliyeishia kifuani. Mkono wa gurudumu la mbele ulikuwa umevunjika, betri yake ya kuchaji imekufa, na antena ya rimoti imebaki kipande. Mama alilitazama akasema, "Nimepewa na takataka za kwenda kutupa." Wewe ulilala nalo siku hiyohiyo.

Mkono wa gurudumu uliukata kwenye dumu la mafuta ya kula, kwa kisu ulichokipasha moto jikoni, na mama akakusaka nyumba nzima kwa kuharibu kisu. Antena ukaweka spoku ya baiskeli. Betri zikawa za tochi, sita, umezifunga pamoja kwa mpira wa tyubu. Zikichoka tunazianika juu ya bati la banda la kuku, zipate jua, halafu tunazirudisha na kuomba Mungu. Digidigi akawa anaondoka kwa kuruka, puu, kama kashtuliwa porini, na jina likamkaa.

Ila alikuwa na matatizo yake, masikini. Spoku haikuwa antena. Ukimwacha atangulie kidogo tu, hasikii tena rimoti, anasimama. Kwa hiyo mwendeshaji ilibidi akimbie nyuma yake. Watu wengine magari yao yanawabeba, sisi letu lilitukimbiza! Mimi mdogo wako wa kike nilikuwa na rimoti kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyepesi, wewe ukakimbia pembeni kumwinua akipinduka. Dereva na tingo. Tena ule mkono wa dumu ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, basi akawa anavuta kushoto siku zote, anataka kuingia mtaroni, nawe unapiga kelele uwanja mzima: "Kulia kidogo, dereva! Kulia kidogo!" Watu wa kota walitoka vibarazani kutucheka. Mama naye, "Nyie, mnalichezea au linawachezea?" Wala hatukujali. Sikumbuki kama nilikuwa najua aibu ni kitu gani wakati ule.

Ulipokwenda kijijini Janga kulima shamba la babu, Digidigi ulikwenda naye. Ukaoa, ukazaa, mvi zikaingia, na bado kila Idd unamtoa uani, unakimbia nyuma yake na kanzu umeishika kwa meno. Kijiji kizima kikakuita Mzee Digidigi. Mimi nilikuja nikakaa kwenye kiti nikasema viatu vyangu si vya kukimbilia. Ulicheka tu. Ulikuwa mtu wa kucheka tu, Shomari, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa nikueleze ya msibani, kwa sababu ulikuwa ndani unaoshwa na hukuyaona.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka, na wenzangu wa ofisini wamekuja na Coaster yao, wamewekewa viti mbele, bosi wangu katikati. Mara akaingia mtani wako, Bi Milembe wa Kisarawe. Yule Mnyamwezi uliyekuwa unamfuata kununua miche ya minanasi mkaishia kutukanana mpaka jua linazama. Alikuwa amevaa kofia yako. Amekunja suruali yako mpaka magotini, anatembea kwa kuchechemea kama wewe ulivyochechemea baada ya kuanguka na baiskeli. Kwapani kambana Digidigi, mkononi rimoti. Watu walianza kucheka hata kabla hajasema kitu.

"Haya, mimi Shomari nimeondoka," akasema, kwa sauti yako kabisa, ile ya puani. "Mke nimeacha, watoto nimeacha, mnawajua, wamo humu. Ila nina kitinda mimba wangu huyu. Hana mama, hana shule, anakula betri tu. Nani anamlea yatima huyu?"

Akamtia betri alizokuja nazo, akamweka chini, akamwondoa, puu, akamkimbiza katikati ya mikeka huku wanawake wanavuta miguu na kupiga mayowe. Kisha akasimama mbele ya mkeka wetu.

"Nasikia ana dereva wake," akasema. "Dereva kama yupo humu asimame, akimbie naye mpaka kwenye mnazi ule arudi, mimi nitamkabidhi mtoto wake niende zangu."

Unajua utani wetu Wazaramo na Wanyamwezi ulivyo. Mtani akikamata kitu msibani, mwenye nacho anatoa anachotakiwa kutoa, na akinyamaza, kitu kimekwenda. Nilijua. Wifi Zuhura, mkeo, alikuwa pembeni yangu kwenye eda yake changa, akanigusa paja. Nilimwona bosi amegeuza shingo kutazama. Kaka, mimi ndiye afisa utumishi pale ofisini. Mimi ndiye ninayewaandikia watu barua za onyo kwa utovu wa nidhamu. Nikajiona nakimbia nyuma ya mwanasesere wa magurudumu mbele ya watu walewale, baibui linapepea, na mwili huu ulivyo sasa. Nikainamisha kichwa nikajifuta macho kwa ncha ya kanga. Machozi yalikuwepo, ya kweli, lakini nilijificha nyuma yake.

"Loh! Wazaramo wamemkataa mtoto wao," akasema Bi Milembe. "Basi yatima anakwenda Unyamwezini." Akamfunga Digidigi mgongoni kwa mbeleko, akambembeleza, nyamaza mwanangu nyamaza. Uwanja ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka, Shomari. Nilicheka pamoja nao, ili nionekane simo.

Haikuishia hapo. Nilipowasindikiza wenzangu kwenye Coaster, bosi akaniuliza, kwa wema tu, "Lile gari lilikuwa la nani?" Nikamjibu, "La watoto wa pale, bosi." Neno lilinitoka haraka, hata sikulitafuta. Na wewe ulikuwa umetoka kufukiwa muda uleule, mchanga haujakauka.

Baada ya siku chache wifi aliniita nyuma ya nyumba. Hakunilaumu, na heri angenilaumu. Alinionyesha bati la banda la kuku. Betri sita zilikuwa bado zimepangwa pale, zinaota jua, ulizianika asubuhi ileile uliyoanguka shambani tukakukimbiza hospitali ya Tumbi. "Wifi, hizi nizitupe?" akaniuliza. Nilizizoa zote nikazitia mkobani. Usiniulize kwa nini. Nimetembea nazo, mikutanoni nipo nazo, zinagongana mkobani kila nikitafuta kalamu.

Nikafunga safari mpaka Kisarawe. Nilipanda kile kilima nimepanga maneno kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Nilimkuta Bi Milembe uani kwake anamenya mihogo, na Digidigi yupo dirishani, kafutwa vumbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuiba?"

Nikamwambia nimekuja kumwomba, nitatoa chochote anachotaka, kuku, kanga, aseme yeye. Akaendelea kumenya.

"Nilimchukua uwanjani, watu wanaona," akasema. "Nikikupa huku uani tutakuwa wezi wawili. Subiri arobaini. Nitakuja naye, nitauliza tena. Ukinyamaza tena, nakuapia, nitamtia bangili za Kinyamwezi nimpeleke Tabora."

Nilicheka, halafu nikalia, na yeye akaniacha nilie, akanisogezea ungo nisaidie kumenya. Baadaye akasema, si kwa utani, "Anavuta kushoto huyu. Nilimwambia kaka yako, mwanamume mzima umeshindwa kutengeneza mkono wa plastiki? Akasema anaweza kuutengeneza siku yoyote. Ila dereva wake amemzoea hivyo hivyo, akimnyoosha, dereva akija atamkuta hashikiki."

Miaka yote ile nimekaa kwenye kile kiti na viatu vyangu, nawe umeliacha gari na kilema chake ili mkono wangu usipoteze mazoea. Nilimenya mihogo ya yule bibi mpaka ikaisha.

Basi jana ilikuwa arobaini yako. Ofisi nzima niliialika mwenyewe, na bosi nikamwendea mpaka mezani kwake kumwomba asikose. Nilisema kama ni wao niliowadanganya, ni wao watakaoona. Ni rahisi kusema ukiwa Kibaha. Hitma iliposomwa na ubwabwa ukaliwa, nikaanza kuomba Bi Milembe awe amepata homa.

Hakupata homa. Aliingia na kofia yako, anachechemea, Digidigi yupo mgongoni kwenye mbeleko.

"Jamani, nimemrudisha," akasema kwa ile sauti yako. "Unyamwezini ameugua, hali kitu, anamlilia dereva wake. Nauliza mara ya mwisho. Huyu ni wa nani?"

Uwanja ukawa unangoja kucheka. Wifi hakunigusa safari hii, alikuwa anatazama chini. Nikasema, "Wangu." Sauti ikatoka ndogo. "Nani kasema? Sisikii, mimi ni maiti!" Nikasimama. "Ni wangu! Wangu na kaka yangu!"

Nilivua viatu. Nilifungua mkoba nikatoa betri zako, nikazipachika mwenyewe badala ya zile za Bi Milembe, moja ikaniponyoka ikabiringika hadi miguuni kwa bosi, na yeye ndiye aliyeniokotea. Nikashika rimoti. Sikuwa nimeishika tangu nimeolewa.

Puu! Akaruka. Nami nikakimbia.

Nilikimbia, Shomari, baibui nimelikunja kiunoni, ushungi umeteleza, watoto wote wa Janga nyuma yangu wanapiga kelele, watu wangu wa nidhamu wamesimama juu ya viti. Nilisikia aibu mwili mzima, sitakudanganya kwamba iliisha. Na Digidigi, kama kawaida yake, akaanza kuvuta kushoto, anataka kuingia kwenye mitaro ya maji. Kidole changu kilikuwa bado kinatafuta pale pa kubana. Ndipo nikasikia miguu inakimbia pembeni yangu, inachechemea, na sauti yako ya puani, kubwa, uwanja mzima:

"Kulia kidogo, dereva! Kulia kidogo!"

Najua ni Bi Milembe. Najua ulimhadithia, na kazi yake ni kuigiza marehemu. Lakini sikugeuka kumtazama. Nilibana kulia kidogo, akanyooka, na kwa ule mwendo wote mpaka kwenye mnazi tingo wangu alikuwa pembeni yangu.

Wakati wa kurudi betri zilichoka. Hujaacha ubahili wako, betri za kuanika! Alipunguza mwendo, akasukasuka, akasimama katikati ya uwanja. Bi Milembe akaja anahema, akamfuta vumbi kwa kofia yako, akamweka mgongoni kwangu na kuifunga mbeleko kifuani. "Mchukue," akasema, kwa sauti yake mwenyewe sasa. "Na usimnyooshe huo mkono."

Nilirudi hivyohivyo mpaka kwenye viti vya wageni, miguu peku, jasho linanitiririka, gari mgongoni. Bosi aliligusa gari kwa kidole.

"Kumbe lile gari lilikuwa la kwako?"

"Ni letu, bosi. La mimi na marehemu kaka yangu. Yeye tingo, mimi naendesha."

Aibu bado ninayo, kaka, ya ile siku ya kwanza, na sidhani kama itatoka. Betri nimezianika juu ya bati langu hapa Kibaha. Lala salama, Mungu akupe kauli thabiti, na ukinisikia nakimbia huku juu usinicheke sana.

Mdogo wako,
Dereva