Mfereji wa Kuzunguka Hema

Papa,

Usidhani nakuandikia kwa sababu nimepoa. Hasira niliyokuwa nayo tulipokuzika Kitshanga, kwenye kambi ya wakimbizi, iko vilevile, na wiki iliyopita imeongezeka.

Kwaya yetu ya Shasha, ninakoishi sasa, ilipelekwa kulala kisiwani, kule kwenye parke, hifadhi ya taifa, katikati ya ziwa. Kulala kwenye hema kwa kupenda, Papa. Watu wenye nyumba zao wanapanda boti, wanatandika juu ya mchanga mweusi, wanajipiga picha na kusema wamepumzika. "Karibuni mu kambi," mlinzi akatuambia akicheka. Neno lilelile la kwenu Kitshanga. Nilitaka kumtupia begi.

Wenzangu wakaenda kuogelea. Mimi niliona mawingu upande wa Masisi, nikachukua sahani ya bati na kuanza kuchimba mfereji kuzunguka hema. Mikono ilifanya yenyewe. Mlinzi akaja mbio: "Mama, hapa hatuchimbake. Hii iko parke." Nikamuuliza kama mvua nayo imekatazwa. Nikaendelea kuchimba.

Hapo ukanijia na maneno yako ya kila siku, tangu vita vilipotutoa kwetu: "Siwezi chimba. Muntu anachimbaka kwake. Kesho tunarudia Kibabi." Kesho, kesho. Mimi na Mama tulikubembeleza uchimbe mfereji kuzunguka hema letu. Jembe ulikuwa nalo, mkulima mzima wa maharage, unayajua maji ya mlima tangu utoto. Maji yakaingia chini ya turubai, yakalowesha godoro, kifua kikakubana, ukatuacha. Kwa kiburi tu. Nakupenda, Papa, na sijakusamehe.

Kisiwani mvua ilinyesha kweli. Mahema ya wenzangu yakajaa maji, wakakimbilia langu, tukabanana humo, wao wakicheka, mimi nikilia. Asubuhi nikarudisha mchanga, nikausawazisha kwa mguu, tukapanda boti. Nilichimba, na sikubaki. Hata wewe ungeweza kuchimba, kisha ukarudi kwako.

Sasa Mama, aliyebaki kule kambini, naye hataki kuchimba. Ameshika maneno yako: "Kesho tunarudia." Jumamosi nakwenda Kitshanga, nitachukua jembe lako pale pembeni ya kitanda chake. Akikataa nitachimba huku ananitukana.

Wewe lala, Papa, mvua haikupati tena. Mama haitamchukua. Na siku tutakayorudi Kibabi, mfereji huo nitaufukia kwa mguu wangu mwenyewe, yeye akiwa amesimama ananiangalia.