Kwa Mheshimiwa Royce Stidham, Ambaye Bwawa Lake Halikujengwa

Mwaka mzima umepita, shemeji Royce, tangu ulipoanguka jukwaani kwenye maonyesho ya kilimo, ukiwa katikati ya sentensi kuhusu maendeleo. Watu walipiga makofi. Tuwie radhi kwa hilo. Hawakuwahi kukuona ukinyamaza mbele ya kipaza sauti, wakadhani umemaliza.

Ulikuwa mtu wa watu. Uliingia Bungeni Washington kabla ya vita vya Hitler, na tangu hapo ukawatumikia watu wa milima ya Kentucky kwa mkono wa kulia, ule wa kusalimia. Ulijua jina la kila mkulima, la mkewe na la mbwa wake. Umeme ulituletea, hilo hatulifichi. Barabara ya lami nayo ilifika mpaka mlangoni kwa Burl Sizemore, mwenyekiti wa chama chako, ikachoka papo hapo.

Tunaikumbuka huruma yako kwa wafiwa. Ofisi yako ilisoma magazeti yote ya jimbo, na kila alipokufa mtu, barua ya rambirambi ilitoka, sahihi yako ikiwa imetiwa na mashine. Alipofariki mama mkwe wako, mama yetu sisi na Ardith, ulikuja kuzika, ukawashukuru waombolezaji kwa kujitokeza kwa wingi, ukaondoka kabla hawajala. Siku chache baadaye mkeo Ardith alikuwa jikoni kwa marehemu, anafunga vyombo, barua ikafika. "Mimi na mke wangu mpendwa tunaungana nanyi katika msiba huu mzito."

Akakupigia simu. "Royce, umeniandikia rambirambi."

"Sasa ubaya uko wapi?" ukamjibu. "Wenzako huzingoja wiki mbili."

Msibani Ardith hakulia. Alilia siku ile, amekaa sakafuni katikati ya sahani za mama, na sisi tuliokuwa naye hatukujua tumshike wapi.

Kisha ukamletea habari ya bwawa. Lilikuwa ndoto yako: ukuta wa zege kwenye mlango wa bonde la Caney, ziwa la kuvulia samaki, na wewe umeandikwa kwenye bamba la shaba. Ardith alizaliwa Caney. Mama amelala Caney, na wakati ule udongo wa kaburi ulikuwa haujashuka.

"Na mama je?" alikuuliza mezani.

"Makaburi yatahamishwa, serikali inagharamia. Mama yako hakuwahi kutoka bondeni maisha yake yote. Mwache naye asafiri kidogo."

Ukacheka peke yako, ukaomba siagi. Ardith akakusogezea, kama alivyokusogezea tangu mlipooana.

Ulipokufa, Burl alikuja amevua kofia. Chama chenu kina desturi yake: mbunge akifa, mjane huwekwa kitini mpaka wanaume wamalize kugombana.

"Ni kukikalia tu, Bi Ardith, kisipoe," alimwambia. "Huna haja ya kuhutubia. Likija bwawa la marehemu, wewe useme ndiyo."

"Ndiyo naiweza, Burl. Nilikuwa nimeolewa."

Burl akala vipande viwili vya keki, akaenda zake ameridhika. Uchaguzi ulipofika, Ardith alipata kura nyingi kuliko ulizowahi kupata wewe. Tuliona si vizuri upate habari hizo kwa wengine.

Zikafika fedha za bwawa mbele ya kamati ya Bunge. Wenzako walikwisha kuliita Bwawa la Stidham, na wawili watatu walikuwa na leso tayari. Desturi ya huko unaijua kutuzidi, shemeji: jimboni kwa mwenzio hujengi kitu ambacho mwenyewe hakitaki. Burl naye anaijua. Ila hajapata kuona mbunge akikataa bwawa la bure, sembuse mjane, ndiyo maana hakuwa na wasiwasi. Alikaa nyuma na waandishi wa magazeti, akiwatajia herufi za jina lako.

Mwenyekiti wa kamati, mzee wa Georgia, akamgeukia Ardith kwa upole. "Mheshimiwa, una neno la kumkumbuka marehemu kabla hatujapitisha?"

"Ninalo. Jimbo langu halilitaki."

"Lakini bibi, hili lina jina la mumeo."

"Na mimi ninalo jina lake, Mwenyekiti. Nimekaa nalo miaka yote na sijamzamisha mtu."

Mzee akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna aliyepinga, kwa sababu kila mmoja ana jimbo lake na mambo yake ya kulinda. Akapiga mstari kwa kalamu, wakaendelea na bandari ya mtu mwingine. Kazi ya maisha yako ilikwisha hivyo, na chai ilikuwa bado haijaletwa.

Ukumbini Burl alimkimbilia. "Umemuua mara ya pili, wewe mwanamke."

"Ile ya kwanza sikuhusika," Ardith akamjibu, akaenda kutafuta teksi.

Tulikupenda, na hilo ndilo linalotuudhi. Ulijinunulia mwenyewe mahali pa kulala, juu ya kilima, ukataka uelekezwe kwenye ziwa. Tumekuelekeza ulivyotaka. Maji hayapo. Ng'ambo ya pili, usawa wa macho yako, yuko mama mkwe, mnatazamana usiku na mchana, na hakuna wa kumhamisha.

Unakumbukwa na mkeo, Mheshimiwa Ardith Stidham, ambaye anagombea tena. Na mwanao Lowell, aliyerithi mkono wako wa kusalimia, ambao tunajaribu kumwachisha. Na kaka yako Clell, asiyesema nasi. Na sisi shemeji zako, Opal na Verlin, tuliopanda mahindi pale ulipotaka kina kirefu cha maji.

Kila mvua itakaponyesha na Caney likabaki bonde, Royce, tutakukumbuka.